Paka Aliyeitwa Mjinga

Ndugu yangu, kuna maneno mtu huyameza utotoni akidhani yamekwisha, kumbe yapo tu yanangoja siku yake. Siku yangu ilifika mwezi uliopita, Buzebazeba, kibarazani kwa bibi yangu. Binti yangu alikuwa amenyanyua kitoto cha paka ambacho hakijafumbua macho. Bibi akamfokea akirudishe haraka, kisha akaanza hadithi ambayo sisi wa nyumba ile tumeisikia hata tumechoka: hadithi ya paka wetu wa Ujiji, aliyewatoa watoto wake ndani akawapeleka mwenyewe kwa kenge.

"Alikuwa mjinga yule," Bibi akasema. Mimi nikainamisha kichwa, nikaendelea kuchambua mchele.

Enzi hizo tulikaa Ujiji, chini kabisa, nyumba ya mwisho kabla ya ziwa. Asubuhi yetu ilianza na harufu ya dagaa na kelele za wanawake wakiwaanika mchangani, huku wakigombana na kunguru. Mchana ilikuwa ugali wa muhogo na samaki aina ya mgebuka aliyeungwa kwa mawese, mpaka vidole vinabaki vyekundu. Paka wetu, jike la rangi ya majivu, alikula alichokula Bibi na kulala alipolala Bibi. Lakini nje, wallahi, hapakuwa mahali pa paka. Juu kulikuwa na mwewe, ambaye kwake kifaranga na kitoto cha paka ni kitoweo kimoja. Vichochoroni mbwa wasio na mwenyewe. Hata sisi watu hatukuwa na huruma, paka akisogelea dagaa jiwe lilimfuata. Na kwenye matete alikaa kenge, mrefu kama kasia, aliyezoea kuja kuokota matumbo ya samaki.

Kwa hiyo paka alipozaa, Bibi alimtandikia gunia uvunguni mwa kitanda chake. Watoto wanne. Akaniita, akaninyooshea kidole: nisiwaguse mpaka wafumbue macho, maana mama yao akisikia harufu ya mkono wa mtu atawahamisha, na huko nje wenye meno ni wengi. "Nakujua wewe," akamalizia, "una sikio la kenge, halisikii mpaka litoke damu."

Sikusikia, bwana. Bibi alipokwenda sokoni nilikuwa nimetoka kula mgebuka, na kunawa sikunawa. Nikajipenyeza uvunguni, nikawabeba mmoja mmoja, nikawalaza mapajani, nikawabusu. Walikuwa na joto kama maandazi. Niliporidhika nikawarudisha kwenye gunia, nikajiona mjanja.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ufukweni nasugua masufuria kwa mchanga. Nikamwona paka anapita, amemshika mtoto kwa shingo, akaingia naye chini ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa karibu na matete. Nilikimbia nyumbani nikachungulia uvunguni. Gunia tupu. Ningesema pale pale, Bibi angewarudisha wote wanne kwa dakika moja. Lakini angeuliza kwanza kwa nini paka kahama, na fimbo yake ilikaa nyuma ya mlango. Nikavaa sare, nikaenda shule. Mwalimu aliniuliza mbili mara tatu, nikajibu nne.

Niliporudi nilimsikia jirani yetu, mama aliyekuwa akigeuza dagaa wake, anapiga mayowe ya kuomba msaada. Paka wetu alikuwa mbele ya mtumbwi, manyoya yamesimama, sikio moja limechanika, na kenge anamchapa kwa mkia kama mjeledi. Paka anaanguka, anainuka, anamrukia tena. Jirani akaja na kasia, akampiga kenge mgongoni, na yule mnyama akakimbilia majini na kitoto kimoja mdomoni. Tulipoinua mtumbwi tulikuta mtoto mmoja tu. Wawili walikuwa wameshaliwa kabla hatujafika.

Bibi alimwosha paka kwa maji ya vuguvugu na chumvi, huku analia kwa hasira. "Paka mjinga gani huyu! Umepewa gunia, umepewa nyumba, unapeleka watoto kwa kenge?" Nilikuwa nimeshika bakuli la maji, na mdomo ulikuwa wangu, lakini haukufunguka. Tangu siku hiyo paka akapata jina. Mjinga, njoo ule! Mjinga, toka jikoni! Naye maskini aliitika, anakuja na sikio lake lililochanika, anajisugua miguuni mwetu. Mimi pia nilimwita hivyo. Miaka mingi, kila siku, nilimwita hivyo.

Alikufa kwa uzee, tukamzika ufukweni, karibu na pale palipokuwa na mtumbwi. Siku hizi hata pale hapapo. Ziwa limepanda, limemeza mchanga wa kuanikia dagaa, limemeza matete, limeingia mpaka chumbani kwa Bibi, ndiyo maana amehamia huku juu Buzebazeba. Ukitaka kumwomba paka radhi, utamwomba ukiwa ndani ya mtumbwi.

Basi siku ile kibarazani, binti yangu akauliza, "Kwani alikuwa mjinga kwa nini?" Bibi akafungua mdomo kujibu. Nikaweka ungo chini.

"Bibi, hakuwa mjinga. Niliwashika mimi, na mikono inanuka samaki. Nikamwona anawahamisha, nikanyamaza."

Bibi alinitazama mpaka nikajisikia nina miaka minane. "Astaghfirullah," akasema polepole. "Nimemtukana kiumbe wa watu mpaka kaburini." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, "Kumbe miaka yote ile yule paka alikuwa anaitikia jina lako."

Akainuka, akaingia jikoni, nikasikia sufuria zinagongana. Chakula kilipoiva akapaza sauti, ile ile ya Ujiji:

"Mjinga! Njoo ule!"

Nikaitika.