Mti panda niliopeleka darasani

Gisozi nzima, kitanda kisichotoka mkononi mwangu huwa kinalia usiku. Wakubwa wote wa Kigali wanalala juu ya kazi yangu.

Lakini leo nimefundisha historia! Mimi niliyeacha shule primaire ya nne!

Mpwa wangu Claudine ni mwalimu kule Kagugu. Aliniomba nimchongee mti panda, ule waliofungwa nao shingoni watu waliotekwa utumwani, watoto wauone kwa macho.

Nikachonga. Nikapiga hadi vanishi.

"Marume, mjomba wangu, vanishi ya nini tena?" Claudine akauliza.

"Kazi yangu haitoki bila kung'aa."

Darasani nikauvaa mwenyewe. Watoto wakacheka. Nikataka kuinama niwachekeshe zaidi, shingo ikakataa. Kugeuka, ikakataa. Kicheko kikaisha chenyewe.

Msichana wa dawati la mbele akainua mkono.

"Aliyekuwa anatengeneza miti hii, naye alikuwa fundi kama wewe?"

Yewe! Mimi, mdomo huu mnaoujua, nikabaki kuupapasa ule mti shingoni. Maana ni kweli. Kuna mtu alichagua mti mzuri, akapima shingo, halafu akaenda nyumbani kula.

Claudine hakuniokoa. Alisema tu, "Andikeni hilo swali." Wote wakainama kuandika.

Nyinyi mngemjibu nini?

Na hili libaki hapa: upande wa chini wa ule mti panda nilikuwa nimeandika jina langu na namba ya simu, wateja wanipate. Nilipouvua, niliwapa watoto mgongo, nikatoa msasa mfukoni, nikafuta.