Mtoto wa Kuazima Mgongoni

Watu wakiniuliza ni kitu gani kilinitesa zaidi kwenye masomo ya uuguzi, wanangoja niseme damu. Damu! Mimi ni binti wa mwindaji wa Walikale, upande wa Pinga. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshika miguu ya mboloko, wale paa wadogo wa msituni, siwezi hata kuhesabu wangapi, wakati baba anawapasua. Damu haikunipa shida hata siku moja. Walionitesa ni wanawake wa Masisi, waliokataa kuzaa mbele yangu.

Ilikuwa miaka ile Wabelgiji bado wanatawala. Masomo yetu yalikuwa kwenye misheni moja ya Masisi, juu ya kilima: lopitali ndogo ya matofali, nyumba ya kuzalishia pembeni, na chumba chetu cha kulala nyuma yake. Tulikuwa wasichana sita tunaojifunza uuguzi na kuzalisha. Kengele ilipigwa bado kuna ukungu mlangoni, na baridi ya kule milimani inaingia mpaka kwenye meno. Chemsha sindano, hesabu dakika. Piga pasi tablie, ile aproni ya kazi. Simama wima, sema sehemu zote za mwili kwa Kifaransa. Ukisahau moja, unaanza tena toka kichwani. Mubikira, mtawa aliyetufundisha, alikuwa mama wa Kizungu mfupi, mwepesi wa miguu, na sikio lake lilisikia sufuria ikianguka hata akiwa kanisani.

Wenzangu walilia. Mimi nilikasirika, kila mtu na dawa yake. Nikikasirika nilikwenda jikoni, kwa mke wa mpishi, nikamnyang'anya mchi na kutwanga sombe. Majani ya muhogo hayana kosa, lakini yalipigwa! Na nikitwanga nilikuwa nasema masomo yangu: kichwa, twanga, bega, twanga, mbavu, twanga. Mpaka leo ukiniuliza mifupa ya mkono kwa Kifaransa, mabega yangu yanataka kuinuka. Mke wa mpishi alikuwa akinitazama na kusema, "Dada, leo mubikira amekukosea kabisa. Sombe imekuwa laini mbio."

Sasa, hii ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Kila mmoja wetu alikuwa na kaye, daftari dogo, na ndani yake mistari kumi. Kila mstari ni mtoto mmoja uliyempokea kwa mikono yako mwenyewe, na mubikira anatia sahihi. Kabla ya mtihani wa mwisho mistari yote lazima ijae. Ikikosa, hakuna breve, cheti chenyewe cha kazi, unafunga mzigo wako na kurudi kwenu. Na kwetu nilijua ni nini kinaningoja. Baba aliwaambia wazee, "Mukimuona amerudi bila breve, mumuoze siku ile ile." Alisema akicheka. Lakini kulikuwa na mwanaume fulani, mtu mzima, aliyekuwa akija kila wiki kumsaidia baba kutengeneza nyavu za kuwindia, na huyo hakuwa anatengeneza nyavu kwa kupenda nyavu.

Wanawake wa pale walikuwa na desturi yao, tena hata kwetu iko: msichana ambaye hajazaa haingii mahali mwanamke anapojifungua. Wenzangu wanne walikuwa watoto wa vilima vile vile, wana shangazi na mama wadogo waliowafumbia macho. Wa tano alikuwa mjane kijana, ameshazaa. Mimi mtu wa msitu, sikuwa na shangazi hata mmoja Masisi.

Basi walinifanyia michezo! Mama yuko kitandani, anauma meno, mimi nimenawa mpaka viwiko. Anasema kwa sauti nzuri kabisa, "Mutoto yangu, uniletee maji ya moto." Nakimbia. Narudi na sufuria, mtoto amezaliwa, amefutwa, amelala kifuani, na wanawake wote waliomsindikiza wanaangalia dari. Mwingine aliniambia anaenda kukojoa. Akazunguka nyuma ya nyumba ya kuni, akarudi na mtoto. Wakitaka kunificha jambo walihamia Kihunde. Lakini Kihunde na Kinyanga chetu ni ndugu. Nilisikia nusu, na ile nusu ilitosha kunikasirisha.

"Ulikuwa wapi?" mubikira ananiuliza.

"Kwenye maji, Mama Mubikira."

"Tena?"

Miezi ikaenda hivyo. Wenzangu wana mistari sita, saba. Kaye yangu nyeupe kama siku niliyopewa. Sombe jikoni ilitwangwa mpaka watu wakaichoka.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni, nimembeba mgongoni mtoto wa mke wa mpishi, msichana mnene wa miezi mitano, ili mama yake atwange kwa nafasi. Kengele ya nyumba ya kuzalishia ikalia. Mubikira alikuwa upande wa wanaume na munganga, daktari wetu, kulikuwa na mtu aliyevunjika mguu. Nikakimbia kama nilivyo, mtoto mgongoni. Nilipofika mlangoni, yule mama kitandani na dada yake wakaniangalia. Wakaangalia mgongo wangu. Wakaangaliana.

"Kumbe weye iko mama!" akasema dada yake.

Nilifungua kinywa nikatae. Kweli ya Mungu, nilikifungua. Lakini yule mama akapumua, akageuka, akanisogezea kiuno nimsugue. Ilikuwa mara ya kwanza mwanamke wa Masisi kunisogezea kiuno. Nikafunga kinywa. Nikampa dada yake mtoto amshike nje, nikanawa, nikafunga tablie, na kabla ya saa sita mstari wa kwanza ulikuwa na sahihi.

Nilipomrudishia mke wa mpishi mtoto wake na kumwambia, alicheka mpaka akakaa chini. "Chukua tu," akasema. "Lakini utanirudishia mutoto wangu na breve yake."

Toka siku ile, mubikira akiwa mbali na kengele ikilia, mimi kwanza jikoni, mtoto mgongoni, halafu mbio. Sikusema uongo hata neno moja. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kule kulikuwa uongo mnene kuliko yule mtoto. Wanawake walianza kuniita "mama", walinipa mashauri ya kunyonyesha, nami naitikia, "Ndiyo mama, asante mama." Mistari minane ikajaa. Ilibaki miwili, na majuma mawili kabla ya mtihani. Nilitembea nimeinua shingo. Nilijiona mimi ndiye fundi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa toka jikoni mpaka kitanda cha pili.

Kwenye kitanda hicho alikuwa mwanamke kijana, mimba yake ya kwanza, mrefu, mnyamavu. Alikuja asubuhi na mama mkwe wake, bibi mmoja mwenye rozari shingoni na hirizi ndogo ya ngozi chini ya rozari, kila moja kwa kazi yake. Wote tulimwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu. Nilimpa Koko mtoto wangu wa kuazima amshike nje kwenye jua, nikaingia kazini. Saa nyingi nilimsugua yule mama kiuno, nilimtembeza, nilimfuta jasho, nilimwambia pumua. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeanza kuonekana wakati kelele ilipoanza huko nje. Mtoto wa mke wa mpishi ana njaa, na mapafu yake yalikuwa mazima.

Koko akaingia naye. "Mutoto wako analia. Umunyonyeshe."

"Ngoja kidogo, Koko. Nimeshanawa."

"Mubikira alikufundisha njaa ya mutoto inangojaka?"

"Koko, tafadhali..."

Akanisogelea. Akaangalia kifua changu, kikavu na bapa chini ya tablie iliyopigwa pasi vizuri. Mtoto analia hivi, na mimi hata tone moja la maziwa halijatokea kwenye nguo. Mwanamke aliyezaa tisa haelezwi jambo hili. Uso wake ukabadilika.

"Huyu hajazala," akasema. "Amekopa mutoto! Yoo, mama weee! Musichana iko hapa!"

Yule mama kitandani akaanza kuinuka. Kichwa cha mtoto kiko pale pale, naye anatafuta kushuka chini na kuondoka! Hapo niliogopa. Sikuogopa kaye, wala baba, wala yule mtu wa nyavu. Niliogopa kuwa mtoto ataanguka sakafuni kwa sababu ya ujanja wangu.

"Ndiyo, sikuzaa!" nikapiga kelele. "Nimewadanganya, mnipige baadaye! Lakini ukishuka sasa mtoto ataumia. Lala!"

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," Koko akaniambia, akinitazama machoni. "Weye unajua nini? Tena unajiua. Musichana mwenye hajazala akiona namna mutoto anatoka, anafunga tumbo lake mwenyewe. Hawakukuambia kwenu?"

Walikuwa wameniambia. Nilikuwa najua toka utotoni. Na hapo ndipo nilipoelewa kuwa wale wanawake wote walionituma maji hawakuwa wananichukia. Kila mmoja alikuwa ananitoa nje ili na mimi nije kuzaa siku yangu. Miezi yote ile nilitwanga sombe kwa hasira, na wao walikuwa wananikinga.

"Nimeambiwa, Koko," nikasema. "Nabaki."

Yule mnyamavu akashika mkono wangu. Maumivu yalikuwa yamempa nafasi kidogo. "Mama mukwe, mumuache," akasema. "Tangu asubuhi nani ananishika? Njo huyu. Mikono yake ninaijua sasa."

Akalala. Koko akabaki amesimama na mtoto anayelia, mpaka mke wa mpishi akatokea mbio, mikono ya kijani kwa sombe, akamchukua mtoto wake bila kuniangalia. Na katikati ya kelele ile, msichana mwingine akaingia duniani mikononi mwangu, mzima, mwenye nywele nyingi. Nilimfuta, nikakata kitovu kama nilivyofundishwa.

Koko akanyoosha mikono, nikampa mjukuu wake. Nikangoja anifukuze. Yeye akaniambia, "Kaa." Nikakaa kwenye kiti cha mubikira. Akanifungua tablie, akaniwekea yule mtoto juu ya mapaja, akachukua kitenge chake mwenyewe akatufunika wote wawili.

"Huyu umezala weye," akasema. "Wa kwanza wako. Mimi bibi yake njo ninasema. Usiende kufunga tumbo sababu yetu."

Mubikira alisikia habari kabla ya chakula. Alinisomea mpaka Kifaransa chake kikaisha, akaendelea kwa Kiflama, lugha ya kwao. Kuleta mtoto mchanga mahali pa damu na magonjwa! Kuwadanganya wagonjwa! Alikuwa na haki, nasema hata leo. Alinipa mashuka yote ya lopitali nifue mtoni mpaka siku ya mtihani. Lakini kaye alipoishika, alitia sahihi mstari wa tisa. "Hao watoto wamezaliwa," akasema. "Hatuwezi kuwarudisha." Mstari wa kumi niliupata bila mtoto mgongoni. Mwanamke mwenyewe alikuja mpaka mtoni kuniita, mikono yangu ikiwa bado na sabuni.

Breve nilipata. Baba aliitundika ukutani karibu na nyavu, na yule mtu mzima akaacha kuja kuzitengeneza.

Nilifanya kazi hiyo maisha yangu yote, Masisi na Walikale, kwa miguu na kwa gari la misheni. Niliolewa na mtu niliyempenda. Mtoto sikupata. Miaka kumi ya kwanza wakwe zangu walisema, "Si walimuambia?" Mimi niliwajibu kwa ukali, halafu nikaingia kwangu kutwanga sombe ambayo hakuna aliyeomba. Niliumia, sifichi. Sijui kama ni ule mwiko niliouvunja au ni mwili wangu tu. Munganga hakujua, Koko alikuwa ameshakufa. Lakini mtu akiniuliza kama ningetoka nje siku ile, jibu langu ni lile lile: ningebaki.

Yule mtoto mwenye nywele nyingi alikua, akachumbiwa. Wakanitumia habari nije. Nikaenda na zawadi yangu, nikakaa nyuma na wageni wengine. Wakwe wakaleta vitu vyao, na mwishoni wakaleta mbuzi wa mama, kama ilivyo desturi, wa kumshukuru aliyemzaa bibi arusi. Walileta mbuzi wawili. Msemaji wao, kijana, akauliza kwa aibu: waliambiwa walete wawili, lakini bibi arusi ana mama wangapi?

Yule mama mrefu, mnyamavu, akainuka. Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Wa pili ni wa yule pale," akasema. "Njo yeye alitangulia kumuona mutoto, mbele yangu mimi."

Walinipa kamba mkononi. Alikuwa mbuzi jike mkaidi, alinivuta njia nzima ya kurudi nyumbani, naye analia, na mimi ninalia.