Jezi ya Gharib

Elisante alikuwa na timu yake, na hakutaka kuigawana na mtu. Ilikuwa timu ya besiboli ya chuo alichosomea uhandisi wa maji, huko Guangzhou, na usinicheke ukauliza mtoto wa Same aliijulia wapi besiboli. Aliijulia hukohuko. Mwaka wa tisini na sita alitoka maktaba kichwa kinamgonga, akasikia gongo likipiga mpira, akaenda kutazama. Akapanda ngazi za uwanja mpaka ya juu kabisa, akakaa. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita, ukimtaka Elisante unamkuta palepale, daftari mapajani, anaandika nani kapiga, nani kakosa, nani kakimbia vituo vyote vinne akarudi alikoanzia. Mvua inyeshe, jua liwake, yupo.

Ligi yenyewe ilikuwa ndogo, timu nne tu. Walikuwepo Wanachuo, ndio wake. Walikuwepo makarani wa ofisi za Kijapani, na vijana wa kiwanda cha viatu. Wa nne walikuwa Mafundi, yaani wakata nguo na washonaji wa Kangle, kile kijiji cha cherehani kinachopakana na soko la vitambaa la Zhongda. Tajiri wao alitoka Taiwan, ambako besiboli inapendwa kama sisi tunavyopenda kandanda, naye ndiye aliyewafundisha. Lakini mafundi ni mafundi. Wiki nzima mtu ameinamia suruali, Jumamosi mgongo utanyooka saa ngapi? Walikuwa wa kufungwa tu. Msimu wa kwanza wa Elisante walipigwa kumi na tisa kwa mbili, na bado wakakaa chini wakapasua tikiti maji, wanakula na kucheka. Mama mmoja mwenye futi ya kupimia nguo shingoni akainua kipande, akamwonyesha Elisante kule juu, njoo ule. Elisante akapunga mkono kukataa. Hakuona sababu ya kwenda kukaa na watu waliofungwa.

Alichotaka yeye ni jezi ya Wanachuo. Msimu wa pili alimfuata nahodha wao akaomba moja, kwa Kichina safi, maana Kichina alikisoma mwaka mzima kabla ya kuingia darasani na alikuwa anakisema vizuri kuliko wageni wote wa bweni lake. Nahodha akamjibu “mei you”, hakuna, jibu lilelile wauza vitambaa wanalokupa bila hata kugeuza kichwa. Zilikuwepo za wachezaji tu. Elisante hakununa. Alijiambia wataona wenyewe. Mtu akikushangilia miaka mitatu, hata kama una moyo wa jiwe, utamwona.

Msimu wa tisini na tisa ndio ulikuwa wake wa mwisho. Mwezi wa saba alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja. Miaka sita ya ugenini, na alitaka arudi na kitu kimoja cha kuonyesha kwamba kule kulikuwa na watu waliomhesabu mwenzao. Shahada haionyeshi hivyo. Jezi inaonyesha.

Hapo ndipo alipotokea Gharib.

Gharib alikuwa mfanyabiashara wa Unguja, mfupi, kitambi kidogo, mwenye maneno. Alikuja kununua vitambaa Zhongda na mikoba kule Shiling, na akawa anasubiri kontena lijae. Elisante aliitwa amtafsirie bei siku moja, wakazoeana. Gharib akauliza, “Jumamosi unafanya nini, bwana?” Na Elisante, kwa kuwa hakulelewa kusema uongo, akamwambia ukweli. Alijuta kabla hajamaliza sentensi.

Wakaenda. Gharib akatazama dakika kumi.

“Aa, hii nage,” akasema. “Kwetu watoto wa kike ndio wanacheza.”

“Siyo nage.”

“Haya. Nage ya wanaume. Sasa timu yetu ipi?”

Hilo neno “yetu” lilimchoma Elisante kama mwiba. Miaka mitatu amekaa kwenye zege hili peke yake, leo mtu amekuja na malapa yake, dakika kumi tu, timu imekuwa yetu. Akafikiri upesi. Na wazo alilolipata, ndugu yangu, ni Mtanzania tu angeweza kulipata.

“Yangu ni wale wa jezi nyeupe, Wanachuo,” akasema. “Wewe huwezi kuwa nao.”

“Kwa nini?”

“Tutataniana vipi? Watanzania wawili, timu moja, nani atamcheka nani Jumapili? Lazima tuwe watani. Wewe chukua wale wa bluu, Mafundi.”

Gharib akakuna kidevu. Kwao nyumbani, kaka zake wawili walikuwa wa timu mbili tofauti kwa sababu hiyohiyo, na mama yao alikuwa anawapikia vyungu viwili siku ya mechi kubwa. Hoja ilimwingia. “Kweli,” akasema. “Bila mtani mpira hauna chumvi.”

Elisante, kuona samaki kanasa, akaongeza sharti. Mwisho wa ligi, ambaye timu yake itakuwa chini ya timu ya mwenzake, avue alichovaa juu amkabidhi mtani wake palepale uwanjani, watu wakiona. Alikuwa na uhakika. Hakuna aliyewahi kuona Mafundi wakiwa juu ya mtu. Wakapeana mikono, na Gharib akashuka ngazi, akaenda kukaa na timu yake.

Nasema akaenda kukaa nao. Elisante hata hilo hakulitegemea.

Jumamosi ya pili Gharib alikuja na ndoo ya maji ya ndimu. Ya tatu, alikuja na debe na vijiti viwili. Kichina chake kilikuwa maneno kama thelathini, yote ya sokoni, na alitumia hayohayo. Kila mpigaji wa Mafundi akisimama, Gharib anamwita “laoban”, tajiri. Mrushaji wa wapinzani akitupa mpira mkali, Gharib anainuka, mkono kifuani kama aliyetajiwa bei ya kumuua, “Ghali mno, punguza, punguza!” Mafundi wakawa wanashika mbavu. Mrushaji naye anacheka, mpira unaofuata unakuja mwepesi, mpigaji anaukung’uta mpaka kwenye miti. Jumamosi ya nne Mafundi walishinda. Ya tano wakashinda tena.

Elisante aliona gere. Tusizungukezunguke, ndilo neno lake. Alikaa juu na Kichina chake safi, chenye sauti zote nne mahali pake, na hakuna aliyemwambia hata umekula. Kule chini mtu asiyejua kuuliza njia anapakatishwa watoto wa watu. Alianza kumhesabia kila kitu. Leo wamempa matunda ya lichi. Leo amepewa gongo ajaribu, akakosa mara tatu, wakampigia makofi. Leo yule mama mwenye futi shingoni amemfuta jasho na kitambaa chake. Usiku akilala anajiambia ni kwa sababu wale ni mafundi, watu wa hivihivi, mtu yeyote anaweza kuzoeana nao. Halafu anageukia ukutani, na usingizi hauji.

Jumamosi ya sita Gharib alifika na jezi.

Ilikuwa ya bluu, ya mabaki ya kitambaa, vifungo mbele, maandishi ya Kangle kifuani. Mgongoni, kwa uzi mwekundu, herufi za kizungu kubwakubwa, GHARIB. Alipanda ngazi zote, na kitambi chake, kuja kumwonyesha.

“Tazama, mtani. Wameniletea asubuhi hotelini. Mie sikuomba, wallahi.”

“Imekubana,” Elisante akasema.

Siku ile hakuandika chochote daftarini. Aliukodolea macho ule mgongo wenye herufi nyekundu mpaka mechi ikaisha, na kama ungemuuliza nani kashinda asingekujibu.

Mechi ya mwisho wa msimu, kama iliyopangwa na shetani, ikawa Wanachuo na Mafundi, na atakayeshinda ndiye bingwa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, jua likatoka linafukiza. Elisante alivaa shati lake bora. Moyoni alikuwa na mambo mawili, na la kwanza halikuwa ubingwa. La kwanza lilikuwa ile jezi. Alitaka kumwona Gharib akiivua.

Wakaenda sawa mpaka zamu ya mwisho. Wanachuo saba, Mafundi sita, mkata nguo mmoja mwembamba yuko na gongo, mwenzake anasubiri kituo cha tatu. Gharib akasimama, “Laoban, laoban!” Yule kijana akaupiga, ukapaa, ukapaa, watu wote vichwa juu. Ukashuka taratibu mkononi mwa mchezaji wa chuo aliyekuwa amesimama tu.

Mpira ukidakwa hewani, mpigaji katoka. Imekwisha. Elisante aliruka, daftari likaanguka. Akageuka kushoto, akageuka kulia, amkumbatie nani. Zege tupu. Kule chini Wanachuo wamerundikana, na mara akamwona nahodha ametoka kwenye lile rundo, anapanda ngazi mbilimbili, anakuja kwake, anatabasamu, anamwangalia yeye. Miaka mitatu. Elisante akafuta mikono kwenye suruali.

Nahodha akamkabidhi kamera.

“Rafiki, tupige,” akasema. “Bonyeza hapa.”

Akashuka naye, akawapiga picha. Moja, ya pili, ya tatu ya akiba. Wakamshukuru kwa adabu, wakachukua kamera yao, wakaenda kula. Hakuna aliyemkosea neno. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba hata wa kumlaumu hakuna.

Akavuka uwanja kwenda kwa waliofungwa. Walikuwa wamekaa chini kwenye majani mabichi, Gharib katikati yao, macho mekundu, kijana mwembamba amemwegemea begani analia waziwazi.

“Mtani,” Elisante akasema, “nimekuja kuchukua changu.”

Mtu mwingine angesema, bwana, leo tuache. Gharib alikuwa na njia hiyo na hakuipita. Alisimama akafungua vifungo kimoja kimoja, akabaki na singlendi, akaikunja jezi akampa kwa mikono miwili. “Ahadi ni deni,” akasema. “Vaa kwa afya.” Mafundi wakawa wanamtazama mgeni huyu mrefu anayemvua mwenzao nguo.

Elisante akaona haya, lakini hakuirudisha. Mkono ulikataa. Ndipo alipoanza kuwaeleza kwa Kichina, haraka, kwamba huu ni utani, kwetu ndivyo ilivyo, tulikubaliana tangu mwezi wa tatu, yeye mwenyewe anajua.

Yule mama wa futi, Mama Liang walimwita, akamkazia macho. “Kumbe unasema,” akamwambia. “Tena unasema kuliko sisi tuliotoka mikoani. Miaka mitatu tunakuona kule juu, tulidhani huna lugha. Tulikuonea huruma.”



Mama Liang akamzungusha kwa mabega, akampima mgongo kwa futi yake bila kuomba ruhusa. “Fupi,” akasema. “Na jina siyo lako. Twende.” Wakaenda Kangle wote, dakika kumi kwa miguu, Gharib na singlendi yake anagonga debe kama wameshinda. Kwenye kibanda Mama Liang alifumua uzi mwekundu kwa mkasi mdogo, herufi baada ya herufi, akateremsha pindo, akaongeza kipande cha ubavuni. Akauliza jina linaandikwaje, Elisante akaliandika nyuma ya risiti. Cherehani ikalia. Gharib alikuwa anamwelekeza Mama Liang rangi ya uzi, na alisisitiza iwe nyeupe, mtani wangu ni wa weupe.

Walimpa tikiti maji. Alikula kipande kimoja, akasema ana mtihani.

Mwezi wa saba alirudi Same. Siku ya kwanza kutoka aliivaa, ELISANTE mgongoni, na watu wakauliza, ndiyo timu yako ya huko? Akasema ndiyo. Akawahadithia mafundi wa Kangle, debe, maji ya ndimu, ghali mno punguza, na kila alipofika penye mtu aliyekuwa anapiga debe, akasema mimi. Walicheka mpaka machozi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini siku ile ilimsitiri vizuri tu.

Jumamosi yake shemeji yake Nelly, mke wa kaka yake, aliifua, akaitandaza kwenye kamba uani. Jua la asubuhi likapita ndani yake. Nelly akasimama na kibanio mkononi, akainamisha kichwa.

“Shemeji,” akaita, “njoo uone. Hapa chini ya jina lako pana vitundu vya sindano vya jina jingine. Ge, he, a, re... Gharib. Huyo nani?”

Elisante alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

“Mwenye jezi,” akasema, akarudi ndani.