Jogoo Katikati ya Masweta

Benigna aliishia darasa la saba kijijini Namtumbo, akaolewa Songea mjini, akafiwa na mume, akabaki na meza ya maharage soko la Majengo na binti mmoja, Dorine. Kwa meza hiyo alimsomesha mpaka chuo kikuu. Si msemaji sana, lakini hakuna kinachopita asikione. Majirani zake wa Mfaranyaki husema hata akilala hufumba jicho moja.

Mwaka huu Dorine alichaguliwa kwenda Ubelgiji, kwenye masomo mafupi ya likizo yanayokusanya wanafunzi wa nchi nyingi. Chuo cha huko kilimtumia maelekezo kwenye simu, naye akamsomea mama yake jioni, wakiota moto wa jiko la mkaa kwa baridi ya Juni.

"Kila mgeni awe na bima ya afya. Hakuna atakayepokewa uwanja wa ndege, kila mtu atapanda treni mwenyewe."

Benigna aliweka kikombe chini. "Mgeni hapokewi? Watu gani hao?"

"Ndiyo utaratibu wao, mama. Halafu, usibebe nyama wala maziwa."

Hapo moyo wake ukatulia kidogo. Kumbe wana adabu. Mwenyeji muungwana ndivyo asemavyo: njooni tu, msihangaike kubeba kitu. Na mgeni anayelishika neno hilo kama lilivyo, akatokea mikono mitupu, husemwa yeye na mama aliyemzaa. Basi siku ya kufunga mizigo, Dorine alipokwenda kuaga kwa paroko, Benigna alichinja jogoo wake mkubwa, akamkaanga mpaka akakauka, akamfunga vizuri na kumshindilia katikati ya masweta.

Basi la Dar es Salaam liliondoka alfajiri. Kulipokucha, Benigna alimsimulia Saada, muuza korosho wa Tunduru mwenye meza ya jirani.

Saada hakucheka. "Mama Dorine, walikuambia msibebe nyama, nawe ukatia nyama?"

"Si wanasema tu? Adabu ya mwenyeji."

"Adabu gani? Ile ni sheria! Abdul wa dada yangu alikamatwa na nyama uwanjani, huko huko ugenini. Wakamweka chumbani kumhoji, ndege ya kuunganisha ikamwacha. Nyie Wangoni kwa ubishi, wallahi!"

Benigna alichukua simu. Akampigia Dorine. Haipatikani. Akauza maharage, akakosea kupima, mteja akamgombeza. Akapiga tena. Haipatikani. Alimwona mwanawe kati ya askari wa Kizungu, jogoo kalala mezani, binti akirudishwa nyumbani na miaka yote ya kusoma ikiishia hapo. Na kesho ndiyo siku ya kupanda ndege.

"Kaa chini, utaanguka," Saada alisema, akimsogezea kigoda. "Huko njiani milima mitupu. Simu itashika tu."

Ilishika jua likiwa linazama. Dorine alikuwa amefika Morogoro.

"Mwanangu, begi lako kubwa liko wapi?"

"Kwenye buti la basi. Kuna nini?"

Akamwambia.

"Mama! Si nilikusomea?"

"Ulisoma. Nikadhani wanasema kwa uungwana."

"Wangenifungulia begi mbele za watu! Wangenirudisha!"

"Ndiyo maana nakupigia. Nisamehe."

Dorine alishusha pumzi. "Basi. Nitalala kwa shangazi Dar, nitamwachia yeye."

"Sasa utaingiaje kwa watu mikono mitupu?"

"Mama!"

"Haya, nimenyamaza."

"Niambie kweli. Kuna kingine umetia humo?"

Benigna alimtazama Saada. Saada alikunja mikono kifuani, akasubiri.

"Asali," alisema polepole. "Kichupa tu. Nimekichomeka kwenye kiatu."

Kilisikika kicheko kidogo kilichochoka, na basi likinguruma.

"Kiatu kipi, mama?"