Kiraka cha Matheka

Kusema kweli, mimi nilitaka Matheka afukuzwe soko la Jericho. Aliziba mabeseni ya plastiki yaliyopasuka, kando ya meza yangu ya sukumawiki, na moshi wake ulinifanya niulizwe na wateja kama mboga nimeshazipika.

Alikuwa amefagia kiwanda cha plastiki Industrial Area miaka sita, akatoka huko na kiburi cha injinia.

"Plastiki ya beseni ni ngumu lakini inapasuka haraka," alinihubiria kila asubuhi. "Ya mtungi wa mafuta haipasuki, lakini maji moto yanailegeza. Lazima zioane."

Basi alikatakata zote mbili, akaziyeyusha ndani ya kopo juu ya jiko, akakoroga kwa spoku ya baiskeli huku jasho linamtiririka. Mwanzoni viraka vyake vilibambuka kama maganda ya kitunguu. Nilimcheka sana, na sijutii. Kisha siku moja akatia kipande cha kandambili kuukuu, mchanganyiko ukashikana, na watu wakaanza kupanga foleni.

Hapo ndipo Ndung'u alipokasirika. Ndung'u alikuwa mwenyekiti wa soko, na ng'ambo ya njia aliuza mabeseni mapya. Mwaka huo wa themanini na tatu alitangaza kwamba Matheka anadanganya wananchi. Jumamosi kiraka kingepimwa mbele ya watu wote. Kikivunjika, Matheka afungashe.

Matheka hakuwa na kazi nyingine duniani. Asubuhi ile nilimhurumia, ingawa sikumwambia.

Beseni lilikuwa la Adoyo, muuza samaki. Ndung'u akalimiminia maji yanayochemka. Kiraka hakikulegea. Akayamwaga, akaligeuza beseni kifudifudi, akasema, "Sasa Mama Adoyo, kalia."

Huo ulikuwa uonevu. Soko zima hapakuwa na mtu mzito kumshinda Adoyo. Alifunga leso vizuri, akajishusha polepole.

Pwaa! Beseni likasambaratika.

"Fungasha!" Ndung'u akapiga kelele. Matheka akainama kuokota kopo lake.

"Ngoja kwanza," Adoyo akasema akiwa bado chini. Akapapasa nyuma yake, akatoa kiraka, kizima, hakina hata mkwaruzo. "Hii ya Matheka iko sawa. Hiyo ingine yote imevunjika. Na hiyo ingine, mwenyekiti, nilinunua kwako."

Nilicheka mpaka nikashikilia meza. Ndung'u alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona umati unamsubiri, akaenda mwenyewe kumletea Adoyo beseni jipya, la buluu, bado lina karatasi.

Adoyo hakusema asante. Alilibeba moja kwa moja hadi kwa Matheka, akaliweka kando ya jiko.

"Niwekee kiraka."

"Lakini mama, halina ufa."

"Limetoka kwa nani?"

Matheka akawasha jiko.