Joto la Ndani ya Tuta

Kwetu Ufipa mtu akiona kamera anageuka mwanajeshi. Anabana miguu, ananyoosha mikono, anafunga mdomo. Nimepiga picha Sumbawanga kwa miaka mingi, harusi na kipaimara, na ugonjwa huo sijaupatia dawa. Ndiyo maana napenda kuwapiga watoto nje, wakiwa na shughuli zao, kabla hawajakumbuka kuwa nipo.

Bibi mmoja wa Pito, nje kidogo ya mji, aliniita nimpige picha mjukuu wake wa miaka sita. Mama wa mtoto anafanya kazi hotelini Dar es Salaam, na alikuwa amesema kwenye simu: nitumieni picha nione mwanangu anaishije, kama hali si nzuri, shule zikifungwa namfuata. Bibi alinieleza hayo huku akifuta viatu vya mtoto kwa pindo la kanga. Alimlea tangu hajaota meno, na nyumba ile haikuwa na mwingine.

"Mwanangu, mpige aonekane ametunzwa," akaniambia.

Kochi likatolewa uani pamoja na vitambaa vyake vya kufuma. Mtoto akavalishwa gauni la Pasaka, akapakwa mafuta mpaka akang'aa. Akasimama kando ya kochi kama anayesubiri sindano. Nikamchekesha, nikalia kama bata, wapi! Kila akitaka kutabasamu bibi anamwambia, "Funga mdomo, pengo linaonekana." Nilikasirika, lakini ningemwambia nini mtu mzima yule? Nikapiga hivyo hivyo.

Bibi akaingia ndani kutafuta maua ya plastiki. Mtoto akaona ndiyo ruhusa. Nyuma ya ua kulikuwa na shamba lenye ntumba mpya, yale matuta yetu ya duara ambamo majani hufukiwa chini ya udongo ili yaoze yawe mbolea. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Nikamfuata polepole. Alipiga magoti kwenye tope, akachimba kwa vidole, mkono ukazama mpaka kiwikoni. Akatulia. Kisha macho yakamtoka.

"Bibi, njoo! Humu ndani kuna joto."

Bibi akatoka na maua yake. Nilidhani gauni lile litaleta kilio. Yeye akaweka maua chini, akachuchumaa, akaingiza mkono wake pembeni ya ule mdogo. "Ni majani yanaoza," akasema taratibu. "Udongo unajipikia chakula chake." Mtoto akamtazama mdomo wazi, pengo na yote. Nikapiga, na moyo wangu ukafurahi sana.

Alipoiona kwenye kamera, bibi akashtuka. "Hiyo usimtumie, nakuomba. Atasema namlelea mwanawe kwenye tope."

Basi nikahamishia ile ya kochi kwenye simu yangu, nikamtumia mama mtu. Nilikuwa bado nakunywa chai kwake jibu lilipoingia, nikamsomea: Mbona mwanangu hana raha? Shule zikifungwa tu namfuata.

Bibi aliketi kwenye kochi lake, ambalo tulikuwa tumesharudisha ndani. Nilimwonea huruma. Baadaye akasema, "Mtumie ile ya tope. Kama ni kunyang'anywa, ninyang'anywe akiwa ameona ukweli."

Nikatuma. Tukaitazama simu kama sufuria inayochemsha maziwa. Safari hii mama mtu alituma ujumbe wa sauti.

"Mama," akasema, "kumbe bado unaingiza mkono. Mimi ulinionyesha joto hilo nikiwa na pengo hilo hilo." Akapenga kamasi. "Mwache huko huko. Likizo nitakuja mimi. Ila ntumba moja mniachie, msiifukue."

Bibi akainuka kwenye kochi. Alitoka mlangoni akamwita mjukuu wake, ambaye alikuwa amesharudi shambani.

"Tuta la mwisho kule usiliguse," akamwambia. "Lile ni la mama yako."