Mlango wa Wanawake

Bi Mwatima alianguka chooni asubuhi, na mpaka adhana ya adhuhuri hakupiga hata ukelele mmoja. Si kwamba sauti hana, we! Akimwita muuza samaki kutoka dirishani kwake Kiponda, wa Darajani wanageuka. Alinyamaza kwa sababu kanga ilimwangukia mbali, na chini barazani walikuwa wamekaa wanaume peke yao, wanapiga soga. Mwanawe Mudrik alipoleta chakula cha mchana ndiye aliyevunja komeo.

"Ningewaitaje, nami niko vile? Bora nife na stara yangu."

"Ungekufa kweli, mama!"

Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi, nyonga ilivimba tu. Lakini Mudrik alishakata shauri: Ijumaa anamhamishia kwake Fuoni, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Mtoto mwema, hana lawama. Ila Bi Mwatima kaingia nyumba ile akiwa biharusi, kazalia humo, mumewe kafia humo. Fuoni atamjua nani? Akakosa hamu hata ya chai.

Alhamisi akaja Maryam, muuguzi anayezungukia wazee majumbani. Mdomo kama cherehani, lakini kazi anaijua. Busati la ngazini likatolewa, taa ikatiwa, fundi akafunga chuma cha kushikia chooni, na kikaletwa kigoda ili bibi aoge amekaa. Kanga ikatundikwa chini, mahali ambapo mkono wa aliyeanguka unafika.

"Na komeo usitie tena."

"Ala! Nioge mlango wazi?"

"Uurudishe tu, bibi. Unamfungia nani humu, majini?"

Bi Mwatima akacheka mpaka nyonga ikamuuma.

"Yote mazuri," akasema Mudrik, aliyekuwa kasimama kando, "lakini akianguka tena nani atajua? Wanaume hatowaita, nshamjua."

Hapo Bi Mwatima akautazama ukuta wa ukumbini, penye kabati la vyombo. Nyuma yake mna mlango mdogo wa kwendea nyumba ya pili, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za mji huu, wanawake wapitiane bila kukanyaga njiani. Jirani yake wa zamani alipohama, Bi Mwatima mwenyewe aliuziba kwa kabati hilo. Huyu mpya, Badria, fundi wa nguo ambaye wazee wake walitoka Tabora, Bi Mwatima hajamkaribisha hata siku moja. Alimwona mtu wa kuja tu.

"Mudrik, sogeza kabati."

"Mama, sahani..."

"Nimesema sogeza!"

Kabati likasogea kwa kelele, vumbi likawatimkia. Bi Mwatima akagonga zile mbao kwa ngumi. "Hodi! Hodi huko!"

Upande wa pili vitu vikakokotwa, bawaba zikalia kutu, na Badria akatokeza, futi shingoni, pini mdomoni. Akazitoa pini upesi.

"Shikamoo, bibi. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimezeeka, naanguka. Nikigonga hapa, utakuja?"

Badria machozi yalimtoka kwanza.

"Siku ile nlisikia kishindo, bibi. Nlikuwa hapa hapa, nnashona. Nkasimama, nkaugusa mlango huu, nkasema, wewe Badria, nani kakuita? Nkarudi kukaa."

Ukuta mmoja tu! Bi Mwatima, aliyegonga kuomba, akaona haya. Akamshika mkono yule mwanamke, akamvutia ndani. "Nisamehe mimi. Ukisikia kitu, hata sufuria, ingia. Usingoje kuitwa."

"Ntaingia, bibi. Wallahi ntaingia."

Mudrik akakaa kwenye kiti, akajifuta jasho. Siku zote zile alikuwa na hofu kuliko mama yake, ila hakusema.

"Basi, mama. Kaa kwako. Fuoni utakuja kula Jumapili."

Bi Mwatima akashusha pumzi, kifua kizima kikawa chepesi. Kisha akamgeukia mwanawe kwa ule ukali wake wa siku zote.

"Haya, wewe teremka barazani kwa wanaume wenzio. Badria, kaa hapa. Nataka kuoga."